Coetzee, Buffalo na fasihi ya mnufaika wa ubaguzi

Oktoba 2, 2003, Taasisi ya Uswidi ilipotangaza kwamba Tuzo ya Nobel ya fasihi imekwenda kwa John Maxwell Coetzee, Afrika Kusini ilipata mshindi wake wa pili wa tuzo hiyo baada ya Nadine Gordimer, aliyeshinda mwaka 1991. Wote wawili ni Wazungu, na wote wawili waliandika juu ya nchi ambamo rangi ya ngozi ya mtu iliamua aishi wapi, asome nini, amuoe nani na azikwe wapi.

Hata hivyo, mwandishi huyo hakuanza kuandika riwaya zake katika ardhi ya Afrika. Alianza katika mji wa Buffalo, jimbo la New York nchini Marekani, karibu na mpaka wa Canada, siku ya kwanza ya mwaka 1970. Baridi ilikuwa kali. Mhadhiri huyo kijana, aliyekuwa akikaribia umri wa miaka 30, alijifungia katika chumba cha chini ya nyumba aliyopanga, akaazimia kutotoka humo kabla hajaandika maneno 1,000.

Kilichotoka katika chumba hicho ni mwanzo wa fasihi inayouliza swali ambalo wengi hawapendi kuulizwa. Inafahamika kwamba aliyeonewa anastahili kusikilizwa. Je, yule aliyenufaika na uonevu, ambaye labda hakumpiga mtu yeyote, naye ana nini cha kusema?

Mji uliogawanyika kwa barabara

Coetzee alizaliwa Cape Town Februari 9, 1940, katika familia yenye asili ya Kikaburu iliyozungumza Kiingereza nyumbani. Alikuwa na umri wa miaka minane chama cha National kilipochukua madaraka mwaka 1948 na kuugeuza ubaguzi wa rangi kuwa mfumo kamili wa sheria. Mwaka 1950 zilipitishwa sheria mbili zilizokuwa nguzo za mfumo huo: ile ya kuandikisha kila raia kwa kabila la rangi yake, na ile ya kutenga maeneo ya makazi ya kila kundi.

Alisoma fasihi ya Kiingereza na hisabati katika Chuo Kikuu cha Cape Town. Baada ya mauaji ya Sharpeville ya Machi 21, 1960, ambapo polisi waliwapiga risasi na kuwaua waandamanaji 69, vijana wengi walianza kufikiria kuondoka. Coetzee alihamia Uingereza mwaka 1962, akafanya kazi ya kuandika programu za kompyuta, kisha mwaka 1965 akaenda Chuo Kikuu cha Texas kwa masomo ya uzamivu.

Mwaka 1968 aliajiriwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la New York kilichoko Buffalo. Kampasi yake ya wakati huo imepakana na barabara mbili kubwa, Main upande mmoja na Bailey upande wa pili. Anayeifuata barabara ya Bailey kuelekea kusini hufika katika mtaa wa Kensington-Bailey, uliopewa jina la njia mbili zinazokutana hapo.

Barabara ya Main ina maana yake katika mji huo. Kwa miongo mingi imehesabiwa kuwa ndiyo mstari unaotenganisha Wazungu, wanaoishi kwa wingi magharibi yake, na Wamarekani weusi wanaoishi mashariki. Hakukuwa na sheria ya bunge iliyoamuru hivyo, kama ilivyokuwa Afrika Kusini. Kulikuwa na ramani. Katika miaka ya 1930 shirika moja la serikali kuu ya Marekani liligawa mitaa ya miji mbalimbali, Buffalo ukiwamo, kwa rangi nne, na mitaa iliyopakwa nyekundu ilihesabiwa kuwa hatari kwa mikopo ya nyumba. Mtaa wa watu weusi ulikuwa na nafasi ndogo sana ya kukwepa rangi hiyo.

Katika miaka ya 1960 barabara kuu ya Kensington ilichimbwa katikati ya bustani ya Humboldt, njia pana yenye miti iliyokuwa fahari ya wakazi wa mashariki. Mwaka 1967 ghasia zilizuka katika eneo hilo la mashariki. Mwaka 1976 jaji wa mahakama ya serikali kuu, John Curtin, aliamua kwamba utengano katika shule za Buffalo ulikuwa wa makusudi.

Mtaa wa Kensington-Bailey wenyewe ulikaliwa kwa wingi na Wazungu katika miaka ambayo Coetzee alikuwa akifundisha hapo jirani. Katika miongo iliyofuata wengi wao walihamia vitongoji vya nje, na leo wakazi wake wengi ni Wamarekani weusi. Mji mzima ulipungua: kutoka watu zaidi ya 580,000 mwaka 1950 hadi karibu 278,000 mwaka 2020.

Msomaji wa Dar es Salaam haoni jambo geni hapa. Uzunguni, Uhindini na Uswahilini hayakuwa majina ya mzaha. Yalikuwa mpango wa mji uliochorwa na wakoloni, na Nairobi nayo iligawanywa kwa namna hiyo hiyo. Sheria zilipokufa, majina yalibaki, na mara nyingi bei za viwanja zilibaki pamoja nayo.

Profesa akamatwa

Mwanzoni mwa mwaka 1970, chuo cha Buffalo kilitikiswa na maandamano ya kupinga vita vya Vietnam. Uongozi wa chuo uliita mamia ya polisi na kuwaweka ndani ya kampasi. Machi 15, 1970, wahadhiri 45 waliingia katika jengo la utawala la Hayes Hall na kuketi humo, wakidai polisi waondolewe na wakuu wa chuo wazungumze nao. Wote 45 walikamatwa kwa kosa la kuingia mahali bila idhini. Coetzee alikuwa mmoja wao.

Mashtaka hayo yalifutwa baadaye, lakini athari yake ilibaki. Ombi la Coetzee la kuishi Marekani moja kwa moja halikufanikiwa, na mwaka 1971 alirejea Afrika Kusini pamoja na mkewe na watoto wao wawili wadogo. Mtu aliyeikimbia nchi ya ubaguzi alirudishwa humo na nchi iliyojiita ngome ya uhuru. Alirudi akiwa na mswada ambao haujakamilika.

Kitabu hicho, Dusklands, kilichapishwa mwaka 1974 na kampuni ya Ravan Press ya Johannesburg. Kina hadithi mbili, na hakuna kati yake inayosimulia Buffalo. Ya kwanza inamhusu Eugene Dawn, mtaalamu wa Kimarekani anayeandika ripoti juu ya namna ya kuivunja mioyo ya Wavietnam kwa propaganda. Hashiki bunduki. Kazi yake ni karatasi, picha na lugha ya kitaalamu. Mwishowe akili yake inavurugika, na anamchoma kisu mtoto wake mwenyewe.

Hadithi ya pili inamhusu Jacobus Coetzee, mwindaji wa tembo wa karne ya 18 anayesafiri hadi nchi ya Wanamaqua, kaskazini mwa Rasi. Anaugua, anauguzwa na wenyeji, anadhalilika, kisha anarudi na kikosi kulipiza kisasi kwa mauaji. Mwandishi aliiga mtindo wa taarifa za wasafiri wa kale alizozikuta maktaba huko Texas. Miongoni mwa taarifa hizo ilikuwamo ya mwaka 1760, iliyotolewa na mtu wa ukoo wake mwenyewe.

Hapo ndipo ulipo msingi wa kazi zake zote zilizofuata. Kwa kuziweka pamoja hadithi ya Vietnam na hadithi ya Rasi, Coetzee alionyesha kwamba ukatili mkubwa huanza kwa namna ya kuandika: mtu anageuzwa kuwa takwimu, tatizo, au mnyama wa kuchunguzwa. Na kwa kulitumia jina la ukoo wake, alikataa kusimama nje ya uwanja na kuwanyooshea wengine kidole.

Hakimu mwema na dola mbovu

Katika riwaya ya pili, In the Heart of the Country ya mwaka 1977, msimulizi ni Magda, binti wa Kizungu anayeishi na baba yake katika shamba la upweke. Riwaya hiyo imegawanywa katika vifungu 266 vyenye namba. Baba anamchukua mke wa mtumishi wao, Hendrik, na amani ya shamba inavunjika. Magda anatamani kuzungumza na watumishi kama binadamu na binadamu, lakini anagundua kwamba hana lugha ya kufanyia hivyo. Maneno yote aliyorithi ni ya kuamuru na kuitikia.

Aliyekulia katika miji ya Afrika Mashariki zama za ukoloni anaujua mtego huo. Mzee mwenye wajukuu aliitwa "boi" na mtoto wa mwajiri wake, naye aliitikia kwa kumwita mtoto huyo "bwana mdogo". Lugha kama hiyo haifi siku bendera inaposhushwa.

Riwaya iliyomfanya Coetzee ajulikane duniani ni Waiting for the Barbarians, iliyotoka mwaka 1980. Mhusika wake mkuu ni hakimu mzee katika ngome ya mpakani mwa dola isiyo na jina. Kutoka makao makuu anakuja Kanali Joll, mtaalamu wa kuhoji watu, na mateso yanaanza. Hakimu anamchukua msichana aliyevunjwa vifundo vya miguu na kuharibiwa macho, anamwosha miguu, anamhurumia. Lakini huruma yake ina kiburi chake, kwani naye anamtazama kama fumbo la kulifumbua, kama alivyofanya mtesaji.

Hakimu anapoipinga dola, anafungwa na kuteswa. Mwishowe anakiri kwamba yeye na kanali ni pande mbili za utawala mmoja: yeye ni sura ya siku za raha, mwenzake ni sura ya siku za dhoruba. Kitabu hicho kilitoka miaka mitatu baada ya Steve Biko kufa kizuizini, Septemba 12, 1977, na wasomaji wa Afrika Kusini hawakuhitaji kuelezwa kinahusu nini.

Mbinu ya kuibuni nchi ili kuisema nchi halisi si ngeni kwa wasomaji wa Kiswahili. Shaaban Robert aliitumia katika Kusadikika, kitabu cha mwaka 1951, ambamo Karama anasimama kizimbani katika nchi inayoelea angani, na wengi waliona humo taswira ya utawala wa kikoloni. Tofauti iko katika kiti cha msimulizi. Shaaban Robert aliutazama ubatili wa watawala kutoka kizimbani. Coetzee aliutazama kutoka kiti cha hakimu.

Mwaka 1983 ilifuata Life & Times of Michael K, iliyomletea Tuzo ya Booker kwa mara ya kwanza. Michael K ni mtunza bustani mwenye mdomo wa sungura. Anamsukuma mama yake mgonjwa katika kigari alichokitengeneza mwenyewe, akitaka kumrudisha alikozaliwa, wakati nchi inawaka moto wa vita. Msimulizi hataji rangi ya Michael. Rangi hiyo inajitokeza katika maandishi ya polisi, kwa herufi mbili tu. Kwa macho ya serikali, hizo herufi mbili zinatosha.

Gordimer alikihakiki kitabu hicho mwaka 1984. Alikisifu kwa uzuri wake, lakini akalalamika kwamba Coetzee hawaoni watu weusi kama waliokwisha kuamka na kuishika hatima yao mikononi mwao. Shutuma hiyo ilimfuata kwa miaka mingi: mashujaa wa ukombozi wako wapi katika riwaya hizi? Kwa Watanzania waliowapokea wapigania uhuru katika kambi ya Kongwa na katika shule ya Solomon Mahlangu huko Mazimbu, Morogoro, swali hilo lilikuwa na uzito.

Upendeleo hata katika udhibiti

Kuna jambo moja ambalo halikufahamika mpaka baada ya mwaka 1994, nyaraka za bodi ya udhibiti wa vitabu zilipofunguliwa. Riwaya tatu za Coetzee, yaani In the Heart of the Country, Waiting for the Barbarians na Life & Times of Michael K, zilipelekwa mbele ya wakaguzi wa serikali, na zote zikaruhusiwa. Utafiti wa Peter McDonald, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba baadhi ya wakaguzi hao walikuwa wasomi wa fasihi, walioziona kazi hizo kuwa sanaa ya juu ambayo ingesomwa na wachache wenye elimu. Kwa hiyo, waliona, hazikuwa na hatari.

Linganisha na Alex La Guma, mwandishi aliyehesabiwa katika kundi la machotara, ambaye maandishi yake yalipigwa marufuku kwa sababu jina lake lilikuwa katika orodha ya waliofungiwa. Aliondoka nchini mwaka 1966 na kufariki Havana mwaka 1985 akiwa mwakilishi wa ANC. Watu wake wa Cape Town hawakuruhusiwa kusoma hata ukurasa mmoja wa vitabu vyake.

Hivyo mwandishi aliyechambua upendeleo alilindwa na upendeleo huo huo. Coetzee alilifahamu tatizo hilo, ingawa hakuwa ameziona nyaraka. Mwaka 1987, akipokea Tuzo ya Jerusalem, alieleza kwamba fasihi ya Afrika Kusini ni fasihi iliyofungwa minyororo, kwa kuwa katika jamii ya mabwana na watumwa hata bwana hayuko huru. Aidha, katika riwaya yake Foe ya mwaka 1986, mtumishi Friday amekatwa ulimi. Wazungu wanaomzunguka wanabishana namna ya kuisimulia hadithi yake, na kila wanachoandika ni chao, si cha Friday.

Age of Iron, ya mwaka 1990, inalileta swali hilo hadi mlangoni. Bibi Curren, mwalimu mstaafu anayekufa kwa saratani, anamwandikia barua ndefu binti yake aliyehamia Marekani na kuapa kutorudi. Siku moja anafika Guguletu, kitongoji cha watu weusi kilicho umbali mfupi kutoka nyumbani kwake, na huko anaiona maiti ya Bheki, mtoto wa mfanyakazi wake wa ndani. Maisha yake yote ameulaani ubaguzi, na maisha yake yote kikombe chake cha chai kimeletwa na mama wa kijana huyo.

Baada ya sheria kufutwa

Mzozo mkubwa zaidi ulizuka baada ya ubaguzi kuondolewa. Mwaka 1999 ilitoka Disgrace, na Coetzee akawa mwandishi wa kwanza kushinda Tuzo ya Booker mara mbili. Profesa David Lurie, mwenye miaka 52, anafukuzwa kazi baada ya kumtumia kimwili mwanafunzi wake. Anakimbilia shambani kwa binti yake Lucy katika jimbo la Eastern Cape. Huko watu watatu weusi wanavamia nyumba na kumbaka Lucy, ambaye anakataa kuhama, na hatimaye anakubali kuishi chini ya ulinzi wa jirani yake Petrus, aliyekuwa kibarua wake.

Aprili 2000, chama tawala cha ANC kilikitaja kitabu hicho mbele ya Tume ya Haki za Binadamu, iliyokuwa ikichunguza ubaguzi katika vyombo vya habari. Kilidai kwamba riwaya hiyo inaonyesha jinsi Wazungu wanavyoendelea kumwona mtu mweusi kama mkatili asiye na imani. Waliomtetea Coetzee walijibu kwamba macho yanayotazama humo ni ya Lurie, na Lurie ni mtu asiyeona alichokitenda yeye mwenyewe.

Pande zote mbili zilikuwa na hoja. Riwaya haimpi Petrus nafasi ya kusimulia, na msomaji mweusi ana haki ya kuuliza kwa nini. Lakini riwaya hiyo hiyo inaweka ubakaji wa Lucy kando ya kitendo cha baba yake kwa mwanafunzi, na inamwachia msomaji kazi ya kupima kwa nini kimoja kiliitwa uhalifu na kingine kikaitwa kashfa.

Mwaka 2002 Coetzee alihamia Adelaide, Australia, na mwaka 2006 akachukua uraia wa nchi hiyo. Aliposhinda Nobel, Rais Thabo Mbeki alimpongeza, na mwaka 2005 serikali ya Afrika Kusini ikamtunuku nishani ya Mapungubwe. Wako waliouona uhamaji wake kuwa ni kukimbia, na wako waliosema kwamba mtu hapaswi kuhojiwa anapochagua mahali pa kuzeekea. Yeye mwenyewe hakueleza mengi.

Kinachobaki kwa msomaji wa Afrika Mashariki

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyeshinda Nobel mwaka 2021, anasaidia kuona kile ambacho Coetzee hakukifikia. Katika Paradise ya mwaka 1994, kijana Yusuf anatolewa rehani kwa deni la baba yake, na anayemchukua ni mfanyabiashara anayemwita ami. Mamlaka humo yamo mikononi mwa Wajerumani, na pia mwa Waarabu, Waswahili, Wahindi na machifu wa bara. Kwa Gurnah, mnyonge anaona, anakumbuka na anasimulia.

Wasomaji wanaowasoma waandishi hawa wawili pamoja hupata picha kamili zaidi. Mmoja anaeleza jinsi inavyokuwa kutendwa. Mwingine anaeleza jinsi mtu mstaarabu, msomi, mwenye maneno ya upole, anavyoweza kuishi miaka 50 juu ya mgongo wa mwingine bila kuhisi kwamba amekalia mtu.

Huko Buffalo, Mei 14, 2022, kijana wa Kizungu aliingia katika duka la vyakula kwenye barabara ya Jefferson, upande wa mashariki wa mji, na kuwaua kwa risasi watu kumi weusi. Alisafiri kwa saa kadhaa kufika hapo, kwa sababu alitafuta mahali ambapo watu weusi wanaishi kwa wingi. Mstari uliochorwa na wakopeshaji wa miaka ya 1930 ulimrahisishia kazi. Waliouchora walikuwa wataalamu waliokaa ofisini, kama Eugene Dawn, na yamkini hakuna hata mmoja wao aliyewahi kumgusa mtu.

Mji huo huo sasa ni makazi ya wakimbizi wengi kutoka Somalia, Kongo na Burundi, na Kiswahili husikika katika maduka na shule zake. Wageni hao hujifunza mapema kwamba kodi ya nyumba, ubora wa shule na umbali wa kituo cha basi hutegemea upande gani wa barabara ya Main mtu anapoishi. Hapana anayewaonyesha sheria iliyoandikwa hivyo, kwa kuwa haipo.

Na walio nyumbani, Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, wanaweza kuzisoma riwaya hizi bila kumtafuta Mzungu yeyote. Inatosha kutazama chumba cha uani anakolala mfanyakazi wa ndani, kuuliza analipwa kiasi gani na anaitwa kwa jina gani, kisha kuufungua ukurasa wa kwanza.